Mkaidi wa Kifungu cha Tisa

Kila asubuhi saa kumi na mbili kasorobo nafungua kibanda, nawasha jiko la gesi na kuchemsha maji ya kuoshea vifaa. Kisha napanga vitu mezani kwa utaratibu uleule: upande wa kushoto laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, katikati chupa ya spiriti, upande wa kulia vikombe vidogo, na daftari mbele yangu. Wafugaji wanapanga foleni na mitungi yao. Nanusa, nachovya laktomita, nachanganya maziwa kidogo na spiriti, natikisa kikombe. Maziwa yakiganda, yanarudi nyumbani. Yasipoganda, yanamiminwa kwenye chujio lililo juu ya tangi, naandika jina na kipimo, halafu anakuja mwingine. Saa moja na nusu lori la kiwanda linapanda kutoka mjini Nakuru na kunyonya tangi. Kwa miaka miwili nimeifanya kazi hiyo bila kuhitaji kupaza sauti, jambo linalonifaa.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye paa la kibanda, ilikuwa zamu ya Mzee Kamande, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji hapa Dundori. Nilikuwa nimeshapima maziwa yake kwa spiriti na kuona hayana neno. Alikuwa ameinua mtungi, mkono mmoja chini na mwingine shingoni, nilipoona kiganja kikitua juu ya chujio na kulifunika.

Kilikuwa kiganja cha Mama Wangare, aliyekuwa wa pili nyuma yake.

"Hiyo haiingii," alisema.

"Wangare, toa mkono," Mzee Kamande akasema.

"Ng'ombe yako ilidungwa sindano Jumamosi. Niliona daktari akiingia kwako na pikipiki. Ukidunga ng'ombe, maziwa inakaa nje siku tano. Leo ni siku ya tatu."

"Iliyodungwa ni ile nyeusi, na haikamuliwi. Hii ni ya zile zingine."

"Basi ipimwe dawa. Karani ako na zile karatasi."

Kweli nilikuwa nazo. Chini ya meza tuna kopo la vipande vya karatasi vilivyotolewa na kiwanda. Ukichovya kimoja kwenye maziwa, baada ya dakika kumi kinakuonyesha kama kuna dawa ndani. Havitumiwi kila siku, kwa sababu ni vichache, lakini vinapaswa kutumiwa pakiwa na shaka. Maziwa ya ng'ombe mmoja aliyedungwa yanatosha kuharibu tangi zima.

"Shosho, wacha watu waende nyumbani!" Ngigi alipaza sauti kutoka mwisho wa foleni, akimwita bibi kama vijana wa hapa wanavyowaita wazee. Ngigi ana umri wa miaka thelathini na tano na mzaha kwa kila tukio. "Ama unataka mtungi ya chairman ipelekwe eksirei?"

Watu wakacheka. Mama Wangare hakugeuka. Kiganja chake kilibaki palepale, vidole vimetanuka, pete ya ndoa imezama katika nyama ya kidole.

Niliinama nikachukua kopo. Mzee Kamande akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemfundisha kuendesha baiskeli, kisha mtoto akampita njiani bila kumsalimia.

"Karani," akasema, "hata wewe?"

Nilibaki na kopo mkononi, kifuniko kikiwa kimefunguka nusu. Sikukifungua zaidi wala sikukifunga.

Walibishana. Wengine wakaingilia, wachache upande wa Mama Wangare, wengi upande wa mwenyekiti. Lori likaja. Dereva akapiga honi mara tatu, akashuka, akasikiliza kidogo, akatazama saa, akasema ana vituo vingine vinne. Akanyonya yaliyokuwamo akaondoka. Ndipo Mzee Kamande alipofunga mtungi wake, akaupakia kwenye pikapu, akasema maziwa hayo atawapa ndama. Watu tisa waliokuwa bado hawajamimina yao waliyabeba wakarudi nayo makwao. Mama Wangare mwenyewe alikuwa mmoja wao.

"Huyu mama ni mkaidi," mtu mmoja alisema akipita karibu na meza yangu.

Katika kikundi chetu hilo si tusi la kawaida. Limo katika katiba.

Kifungu cha tisa kinasema hivi: *Mwanachama mkaidi ataonywa kwa barua mara mbili, na akirudia mara ya tatu ataondolewa kwa kura.* Mama Wangare tayari alikuwa na barua mbili.

Asiye mwanachama hamimini maziwa kwenye tangi letu. Hubaki na wachuuzi, wale wanaokuja na madumu ya plastiki nyuma ya pikipiki, ambao barabara ikiwa na matope hawaji, na maziwa yakiwa mengi hawaji pia. Mama Wangare ana ng'ombe wawili na robo ekari ya viazi. Mumewe alifariki kabla Nakuru haijafanywa jiji. Ng'ombe hao wawili ndio wanaomweka mjini mjukuu wake anayesomea uuguzi. Mambo haya yote yalikuwa yanajulikana na kila mtu kwenye foleni.

Ni lazima niseme pia kwamba Mama Wangare si mtu rahisi.

Barua ya kwanza aliipata kwa sababu ya sala. Ilikuwa desturi kwamba kabla ya kuanza kupima, mmoja wetu anaomba. Maombi yalianza kuwa marefu. Siku moja, katikati ya ombi la Ngigi, Mama Wangare alifumbua macho akasema, "Mungu anaweza kungoja. Maziwa haiwezi." Aliendelea kusema hivyo kila asubuhi kwa wiki sita, hadi sala ikahamishiwa mwisho, na yeye akapewa barua. Ukweli ni kwamba tangu siku hiyo maziwa yanayoganda kikombeni yamepungua, lakini hilo halikuandikwa popote.

Barua ya pili ilitokana na karatasi ya mahudhurio. Kwetu karatasi hiyo hupitishwa mwanzo wa mkutano, watu wakatia sahihi, halafu nusu yao wakatoka kwenda kuangalia viazi vyao. Mama Wangare alikataa kutia sahihi. "Nitasaini nikishasikia yale nimehudhuria," alisema. Kila mkutano alisema hivyo. Karatasi ilikuwa inarudi kwangu ikiwa na pengo kwenye mstari wake, na mwisho wa mkutano alikuwa akija polepole, anavaa miwani, anasoma majina yote, kisha anatia sahihi.

Na kuna siku alikosea kabisa. Alishikilia kwamba laktomita yangu imeharibika, kwamba maziwa yake hayawezi kuwa mepesi hivyo. Alishikilia hivyo siku tatu. Siku ya nne aligundua kwamba bomba la kunyweshea ndama lilikuwa linavuja ndani ya ndoo yake ya kukamulia. Hakuomba msamaha. Alileta kabichi, akaiweka mezani karibu na laktomita, akaenda zake.

Barua zote mbili niliziandika mimi. Kazi ya karani ni hiyo pia. Ile ya pili nilimpelekea nyumbani mwenyewe, kwa sababu niliona vibaya kumpa mbele ya foleni. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, anachambua mbegu za viazi, zenye macho mazuri upande huu na zilizooza upande ule. Aliifungua barua palepale na kuisoma yote, midomo ikisogea.

"Hati yako ni safi," aliniambia.

"Asante, mama."

"Hii neno mkaidi. Nani alichagua?"

Viazi vilikuwa na harufu ya udongo baridi. Nakumbuka nilikitazama kimoja, kilichokuwa na chipukizi la zambarau, nikakitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Ni kamati," nikasema.

"Kamati," akarudia. Akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa plastiki wa sukari ambamo alikuwa ameweka ile ya kwanza. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Haikuwa kamati.

Mwaka jana mwezi wa nne, asubuhi ya mvua kubwa, Mzee Kamande alifika kibandani akiwa amevaa suti. Alikuwa njiani kwenda Rongai kumzika shemeji yake, na gari lilikuwa linamngoja barabarani. Nilipochukua kikombe cha spiriti alicheka.

"Karani, mimi ndiye nilipeana hii shamba mmesimama juu yake," alisema. "Mimi nipimiwe maziwa?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mgeni kwamba yuko salama katika nyumba hii. Na ni kweli, kipande kile cha ardhi alikitoa yeye bila kudai kitu. Pia ni yeye aliyeandika barua iliyonipatia kazi nilipotoka chuoni, na ni yeye aliyemwambia mama yangu kwamba msichana mpole kama mimi hafai kupelekwa Nairobi. Nikashusha kikombe. Nikamwaga maziwa yake kwenye chujio kwa mikono yangu.

Kabla ya saa sita kiwanda kilipiga simu. Tangi lote lilikuwa limeanza kuchacha, na lote lilimwagwa. Siwezi kuapa kwamba chanzo kilikuwa mtungi ule. Labda alichanganya maziwa ya jioni na ya asubuhi, kama watu wanavyofanya wakiwa na haraka ya kwenda matangani. Labda sivyo. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile mitungi arobaini na mmoja iliingia kwenye tangi, na arobaini ilipimwa.

Wanachama walikasirika. Walisema lazima kuna mtu aliyepitisha mtungi bila kupimwa, na kwamba katiba yetu, ambayo wakati huo ndiyo kwanza tulikuwa tunaiandika kwa Kiswahili ili kila mtu aielewe, iwe na sheria ya watu wa namna hiyo. Hakuna aliyejua ni nani. Hakuna aliyeniuliza, maana mimi ndiye mpimaji, na mpimaji hupima.

Jioni hiyo, Mzee Kamande akiwa amerudi kutoka mazikoni, nilikuwa nyumbani kwake na kamati. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, kwa kuwa ndiye niliyetoka chuo. Nilianza kuandika: *Mwanachama atakayekataa maziwa yake yapimwe*. Nilipofika hapo mkono wa koti la Mzee Kamande ukagusa mkono wangu. Alikuwa ananiongezea chai. Nilikata mstari ule. Juu yake nikaandika: *Mwanachama mkaidi*.

Lilikuwa neno fupi na safi, na halikumgusa mtu yeyote. Mwenyekiti alilisoma, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hiyo sasa ni Kiswahili," akasema. Kifungu kilipita bila mabishano. Kila mtu alimjua mkaidi fulani, na kila mtu alidhani ni mwingine.

Baada ya tukio la Jumanne niliitoa kamusi yangu ya chuoni kwenye sanduku. Ilisema mkaidi ni mtu asiyesikia analoambiwa. Nikajaribu kumpima nayo kila mwanachama. Ngigi ameambiwa mara ngapi asioshe mtungi kwa maji ya mtaro? Mzee Kamande ameambiwa nini akasikia? Mimi mwenyewe, mama ameniambia tangu nikiwa darasa la tatu niinue kichwa ninapozungumza na watu. Kwa kipimo cha kamusi, kikundi kizima kingeondolewa kwa kura, na tangi lingebaki peke yake.

Mkutano uliitishwa Alhamisi saa nane mchana katika ukumbi wa kanisa. Ajenda ilikuwa moja, nami niliiandika ubaoni: *Kifungu cha 9*. Sikuandika jina.

Kiwanda kilimtuma Cherop. Cherop ni afisa wa nyanjani anayezunguka vituo vyote vya upande huu hadi kwao Rongai, mwanamke mrefu asiyekosa buti za mpira ndani ya gari lake. Sheria ya kiwanda ni kwamba mwanachama akiondolewa, afisa awepo na aandike sababu.

Karatasi ya mahudhurio ilizunguka. Ikarudi ikiwa na pengo moja.

"Hata leo, shosho?" Ngigi akasema. "Hata siku ya kufukuzwa?"

"Leo zaidi," Mama Wangare akajibu. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, mfuko wa sukari mapajani, barua mbili ndani.

Watu wakacheka, na kwa muda mfupi ilionekana kama mkutano wa kawaida. Kisha Mzee Kamande akasimama. Aliongea vizuri. Huongea vizuri sikuzote. Alisema hana ugomvi na Wangare, kwamba walisoma shule moja, kwamba alibeba jeneza la mumewe. Lakini watu tisa walikuwa wamepoteza maziwa ya siku nzima kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja, na kikundi si cha mtu mmoja.

"Ni kweli!" wakaitikia wale tisa, kasoro mmoja.

"Kwa hivyo tusipoteze saa. Wanaokubali kifungu cha tisa kifuatwe, wainue mikono."

"Kabla ya mikono," Cherop akasema, "nisaidieni. Mimi lazima niandike sababu. Huyu mama amefanya kosa gani?"

"Ukaidi," mwenyekiti akasema.

"Nimesoma. Lakini bosi wangu ataniuliza, mkaidi ni mtu wa namna gani? Katiba yenu haisemi. Wizi najua. Kuweka maji najua. Mkaidi ni nani?"

Sauti nyingi zikajibu kwa pamoja.

"Mkaidi ni mtu ukimwambia kunanyesha, anatoka nje kuhakikisha," Ngigi akasema.

"Na kama hainyeshi?" Mama Wangare akamuuliza.

Ukumbi ukacheka. Ngigi naye akacheka, akajikuna shingo.

"Mkaidi ni mtu hataki kushindwa," mama mmoja akasema kutoka nyuma.

"Ni mtu wa maneno mingi."

"Hapana, kuna mkaidi wa kunyamaza. Kama bwana yangu. Huyo ni mbaya zaidi!"

"Mtu akishashika neno lake, hata ulete polisi hawezi kuachilia."

Cherop alikuwa ameacha kuandika. "Huyo mnasema ni mbishi," akasema. "Kwetu pia wako. Mbishi hatumfukuzi. Tunampea kiti karibu na mlango, akichoka anatoka mwenyewe."

"Mkaidi hahitaji kuelezwa," Mzee Kamande akasema, sasa sauti ikiwa imepanda kidogo. "Mkaidi unamwona."

Macho yote yakaenda mstari wa mbele. Mama Wangare akasimama. Alichukua muda, kwa kuwa magoti yake yanamsumbua wakati wa baridi.

"Mimi niko na kichwa ngumu," alisema. "Hiyo hamkunifundisha nyinyi. Mama yangu alisema, mzee wangu akasema, sasa mmeandika na mkapiga muhuri. Sawa. Kama nafukuzwa juu ya kichwa ngumu, karani aandike hivyo, nitasaini leo leo. Lakini kama kuna kosa ingine iko ndani ya hiyo neno, nionyeshwe. Nijue naenda nyumbani nikibeba nini."

Akaketi. Mfuko wa sukari ukatoa sauti ndogo mapajani mwake.

"Nani aliandika hicho kifungu?" Cherop akauliza.

"Kamati," Mzee Kamande akasema.

"Kamati," Mama Wangare akarudia, kwa sauti ileile aliyoitumia siku ya viazi. Hakuwa anamtazama mwenyekiti. Alikuwa ananitazama mimi. Nilifahamu hapo kwamba alijua tangu siku ile, kwamba alikuwa ameipokea barua na uongo wangu pamoja, akavikunja mara nne, akavitia kwenye mfuko mmoja, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Mikono ilianza kuinuka. Wa kwanza ulikuwa wa yule mama wa nyuma. Kisha wa jirani yake. Ngigi aliinua wake nusu, akautumia kujikuna tena, halafu akauinua wote. Kazi yangu ilikuwa kuihesabu. Nilifika ya kumi na tisa. Wenye haki ya kupiga kura ukumbini walikuwa arobaini na wawili, na mikono ilikuwa bado inapanda.

Nikaweka kalamu mezani. Ikabingirika, ikaanguka, na kwa kuwa sakafu ya kanisa ni ya saruji, watu wengi waliisikia.

"Karani, ngapi?" Mzee Kamande akauliza.

Nikasimama. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuniona nimesimama mkutanoni, isipokuwa wakati wa sala.

"Si kamati," nilisema.

"Ongea, hatusikii!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Si kamati iliyoandika. Ni mimi. Mama Wangare aliniuliza nikamdanganya."

Mikono ilibaki hewani, mingine ikaanza kulegea kwenye viwiko.

"Keti, binti yangu," Mzee Kamande akasema kwa upole. "Hakuna aliyekulaumu. Ulitoa Kiswahili safi."

"Niacheni nimalizie, mzee."

Nikashika ukingo wa meza. Cherop alikuwa ameshika kalamu tena. Nilijaribu kumtazama yeye, kwa sababu yeye hakunijua, halafu nikaona si yeye ninayemwambia. Nikageuka upande wa mwenyekiti na kuinua kichwa, kama mama alivyonifundisha na mimi nikakataa kusikia miaka yote hiyo.

"Mliniambia niandike sheria ya watu wanaokataa kupimwa," nikasema. "Nilianza kuiandika hivyo hivyo, nikaikata, kwa sababu ulikuwa umeketi karibu yangu unanimiminia chai. Mama Wangare anabishana na kila mtu, hata na mimi, hata na laktomita. Lakini hajawahi kukataa kikombe. Kila asubuhi ananyoosha mtungi wake mwenyewe na kusema nipime. Siku ile tangi lilipochacha, mwaka jana, mtungi mmoja haukupimwa. Ulikuwa wako. Na juzi nilikuwa na karatasi mkononi, ukabeba maziwa ukaenda nayo. Nilipoandika mkaidi, Mzee Kamande, nilimaanisha wewe. Wewe ulikataa kupimiwa, na mimi nikashusha kikombe nikayamimina tangini."